Nilivyompima Vibaya Mwandishi wa Riwaya

Mwaka wa 1984, nikiwa na miaka kumi na moja, ukame ulimaliza ng'ombe wote wa baba. Shule nikaiachia darasa la pili. Elimu yangu ni ng'ombe: nikimwona anavyotembea, najua huyu atapiga teke, huyu atatulia. Watu nawapima hivyohivyo, na Garsen nzima wanalijua hilo.

Basi mwanamke mwandishi wa riwaya alipofika Minjila, akawa mgeni wangu, akaomba kuketi kwenye kikao chetu na wakulima, wafugaji wenzangu waliniuliza mimi: "Huyu ni mtu wa aina gani?"

Kikao kilikuwa cha malka, njia ya ng'ombe kupita katikati ya mashamba hadi mtoni. Wakulima walikuwa wameiziba kwa miiba. Ng'ombe wangu walikuwa siku ya nne bila maji.

"Mwoga," nikasema. "Anaongea akitazama miguu yake. Akikemewa kidogo ananywea. Mwacheni aketi."

Kikaoni mzee wa wakulima, mtu wa Kulesa, akauliza ni ng'ombe wa nani waliokula mahindi yao. Nikasema si wangu. Kalamu ya yule mwanamke ikasimama, na mzee akaiona.

"Mama, umeandika nini humo?"

"Maneno ya watu, mzee."

"Na ya huyu?"

"Na yake."

"Tusomee."

Nyumbani, kwenye chai, nilikuwa nimemsimulia nilivyowaingiza ng'ombe shambani Ijumaa, wenye shamba wakiwa msikitini. Tena nilijisifu. Nikamkazia macho afunge daftari, aseme hakuna kitu.

Akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu afike. "Baba, nimekula kwako. Bila ruhusa yako sisomi. Lakini kusema sikuandika, hapana."

Watu wote wakawa wananingoja mimi. Nikalisema mwenyewe jambo la Ijumaa.

"Kumbe Ijumaa una ibada yako," mzee akasema. Wakacheka, wafugaji wenzangu pia. "Njia tutafungua. Wako watapita mwisho, nyuma ya ng'ombe wa kila mtu."

Zamu yangu ilifika kesho yake. Ng'ombe wangu wawili walikuwa wameshaanguka kwa kiu.

Mgeni nilimwambia nilimpima vibaya. Akasema, "Najua, baba," akaandika na hilo.

Leo nina ng'ombe thelathini na mmoja, wote wanakunywa mtoni. Nina mbuzi kumi na tisa, nyumba ya mabati Minjila, duka la dawa za mifugo Garsen, na pikipiki moja. Vyote nimevitafuta mwenyewe.