Rangi ya Makali

Enzi za ruksa, visu vya kung'aa viliingia kwa malori kupitia mpaka wa Kasesya vikajaa maduka ya Sumbawanga. Baba yangu, mhunzi wa kijiji cha Mwimbi, alipeleka vyake kwa mwenye duka mmoja, akarudishiwa.

"Mzee wangu, hivi vimeungua. Ona madoa haya, njano, zambarau, bluu!"

Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi likizo, na kimbelembele changu hakikuwa na mfano. Baba alipokwenda shambani nilivisugua vyote kwa majivu na mchanga mpaka vikang'aa kama vya dukani, nikavipanga nikisubiri sifa.

Baba aliporudi alivitazama, akakaa chini.

"Umenifutia kazi."

Alifua visu kwa springi za lori. Alizamisha chuma majini kikiwa chekundu, kisha akakipasha tena polepole. Makali yakifika rangi ya nyasi kavu, anazamisha papo hapo. Akichelewa yakawa bluu, yamelegea. Kwetu mnunuzi alisoma rangi hiyo kwanza, na kisu kisichokuwa nayo hakuna Mfipa aliyekigusa sokoni. Sasa mjini havitakiwi, kijijini havitakiwi, na kosa ni langu. Nililia sana.

"Aliyefuta ndiye atakayerudisha," baba akasema. "Shika koleo."

Mama alishika kichwa. Tangu lini mwanamke akasogelea moto wa mhunzi? Nikashika. Kwa woga nikaropoka niliyoyasoma kwenye fizikia: kwamba rangi haimo ndani ya chuma. Joto huotesha ngozi nyembamba ajabu juu yake, mwanga ukarudi kutoka juu ya ngozi na kutoka chini yake, na unene wa ngozi ndio unaochagua rangi tunayoiona.

"Unene huo naupima kwa macho miaka yote," baba akasema. "Nyamaza, tazama makali."

Najivunia jibu lile mpaka leo. Maabara nilizofanyia kazi baadaye zina mashine za kupimia ngozi hiyo, na kila nikiwasha moja namkumbuka yeye.

Nilipokwisha kuvirudishia visu vyote njano yao motoni, tulirudi dukani pamoja. Baba alikata msumari kwa kisu chetu, kikabaki kizima. Akaukata mwingine kwa kile cha kung'aa, kikapata pengo. Mwenye duka alikigeuza chetu dirishani, akapitisha kidole kwenye ile njano.

"Rangi hii umeitia wewe, mzee?"

"Hapana," baba akasema, akanisogeza mbele kwa bega. "Ameitia mhunzi mwenzangu huyu."