Wiki Sita za Kutokanyaga

Kama una miaka kumi na saba, goti limevimba, na kila anayepita anakuuliza utarudi lini uwanjani, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Naitwa Niendiwe, wa Upare ya Kusini, milimani juu ya mji wa Same. Goti langu la kulia limefanyiwa upasuaji mara mbili. Mara ya kwanza sababu ilikuwa mpira. Mara ya pili sababu nilikuwa mimi mwenyewe, na nitaeleza bila kujificha.

Kabla ya hapo nilikuwa winga. Nasema kwa majivuno kidogo, mnisamehe. Uwanja wa sekondari yetu umechongwa ubavuni mwa mlima, na mpira ukitoka upande wa chini, unaufuata mpaka kwenye migomba ya watu. Mimi ndiye niliyeufuata, na nilikuwa narudi nikicheka. Nilipenda kukimbia kuliko kula.

Nikiwa kidato cha tatu, kwenye mechi ya kirafiki, niligeuka ghafla, mguu ukabaki umenasa ardhini. Kitu kikalia ndani ya goti. Nilimaliza mechi. Jioni goti lilikuwa limejaa, la moto, halikunjiki. Bibi alinikanda kwa maji ya moto, nikafunga bandeji, na baada ya wiki mbili nikarudi kucheza. Nilicheza hivyo karibu muhula mzima. Lilivimba kila baada ya mechi, nami nikalifunika kwa soksi ndefu. Kisha likaanza kugoma. Nikiinuka kwenye dawati linakwama likiwa limekunjwa, mpaka nilitikise ndipo linyooke. Chooni sikuweza kuchuchumaa. Siku moja Mama alinikuta nimeng'ang'ania mlango wa choo, machozi yananitoka.

"Unaumwa tangu lini?"

"Si sana, Mama."

"Sijakuuliza kiasi gani. Nimekuuliza tangu lini."

Hospitalini walinipiga picha. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alinionyesha doa kwenye mfupa wa paja, pale unapokutana na goti.

"Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu," alisema. "Ni kitu laini, kinafanya mifupa iteleze bila kusagana. Lako limebanduka kipande kama ukucha wa kidole gumba, kinaelea humo ndani. Ndicho kinachokwamisha goti."

"Nitacheza tena, daktari?"

"Gegedu halijiponyi lenyewe. Nitakitoa kipande, kisha nitatoboa vitundu kwenye mfupa ili damu itoke, igande, ijenge kingine. Hiyo ni kazi yangu. Kazi yako ni wiki sita bila kuukanyagia huo mguu. Ukikanyaga mapema utakwangua nilichopanda."

Nilichomwa sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi. Walipitisha kamera kwenye matundu mawili madogo, nikaona ndani ya goti langu kwenye skrini, kweupe kama nyama ya dafu. Nilirudi nyumbani na magongo. Baba alitoboa kiti cha zamani, akakiweka juu ya shimo la choo, akaniambia sasa nina kiti cha enzi. Nilicheka siku hiyo. Zilizofuata sikucheka. Kila jioni nilisikia mpira ukipigwa kule shuleni, na nilitamani kukimbia. Niliwaonea wivu hata mbuzi.

Wiki ya nne pembe ya msaragambo ikalia. Huku kwetu msaragambo ni kazi ya wote: barabara ikiharibika au mfereji ukiziba, pembe inapigwa na kila nyumba inatoka. Safari hii ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kukusanya maji ya kumwagilia mashamba. Baba ni mwenyekiti wa kitongoji, yeye ndiye huita majina.

"Wewe jina lako nimeliruka," aliniambia. "Kaa hapo."

Nilikaa. Kutoka barazani nikawasikia wanaimba, wanataniana. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuletewa uji. Nikashuka na magongo kwa njia ya nyuma ili Baba asinione, nikayaegemeza kwenye migomba, nikaingia kwenye mstari wa kupokezana mabeseni ya tope. Mwanzo nilisimama kwa mguu mmoja. Mstari uliposogea, nikaushusha wa pili.

Haukuuma. Hapo ndipo nilipodanganyika.

Upendo, golikipa wetu, alikuwa kando yangu. "Magongo yako yako wapi?"

"Nimepona," nikasema.

Nilifanya kazi mpaka Baba aliponiona, ikawa karibu adhuhuri. Jioni goti lilikuwa kubwa kuliko siku ya kwanza. Miezi mitatu baadaye, bila nafuu, daktari aliingiza kamera tena. Gegedu changa lilikuwa limechanika. Alitoboa upya. Ganzi iliponitoka akaniuliza, "Nani alikutuma ukafanye kazi?"

"Hakuna."

"Ningefurahi kama ungemtaja mtu," akasema, akanishika bega.

Wiki sita zikaanza upya. Msaragambo uliofuata, Baba alisimama mbele ya watu wote akasema, "Niendiwe hatoki. Atakayempokea kazini atanijibu mimi." Niliona aibu. Lakini saa nne akina mama wawili walipanda barazani kwetu na debe la maharage makavu, ya kuwapikia wanaofanya kazi. "Chambua," mmoja aliniambia. "Na wewe umo kwenye hesabu." Nilichambua nikilia. Mwezi huohuo timu yetu ilikwenda kwenye mashindano ya mkoa bila mimi, na Upendo alivaa kitambaa cha unahodha kilichokuwa changu. Hiyo nafasi hairudi, na bado inaniuma kuliko kisu.

Milimani kwetu hakuna tambarare ya kujifunzia kutembea upya, kwa hiyo nilihamia kwa shangazi, Same mjini. Nilinyanyua mguu kitandani, nikaendesha baiskeli, nikapanda ngazi moja mara mia. Paja lililokuwa limekonda likarudi polepole. Ulipita mwaka na zaidi ndipo daktari aliponiruhusu kugusa mpira.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na wazazi ambao hawakunisimanga hata siku moja. Nawe ninayekuandikia, goti likivimba mara mbili, sema. Usilifiche kwenye soksi. Ukiambiwa usikanyage, usikanyage, hata kama haliumi. Na kama kukaa kunakuua, omba kazi ya kukaa, watu watakupa.

Sina tena kasi ile. Kuna wasichana wananipita sasa ambao zamani nisingewaona hata kivuli, na nikiwatazama wanavyoshuka pembeni na mpira, naitamani miguu yangu ya zamani kama mtu anavyomtamani ndugu aliye mbali. Kocha amenirudisha nyuma, nacheza beki. Jumamosi hii tuna mechi, na jina langu limo tangu dakika ya kwanza.