Kabla ya Gitaa Kuanza

Walimu wenzangu walipostaafu walinunua ng'ombe wa maziwa wa gredi. Mmoja alijenga vyumba vya kupangisha kule Kiamunyi, mwingine akafungua duka la dawa za mifugo. Mimi nilinunua mashine ya kuchezea santuri, ampilifaya yenye balbu za kioo, na spika mbili zinazonifika kifuani. Kila aliyeingia sebuleni mwangu mwaka ule alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyehamia kanisa geni.

Nimechoka kueleza kwamba haikuwa anasa. Mama alikuwa anapoteza masikio. La kushoto lilikuwa limeshakufa, na daktari aliyempima hapa Nakuru alisema la kulia limebakiza miezi, pengine mwaka, hakutaka kuahidi. Nilimleta kwangu kutoka Dundori ili asihangaike na safari za kliniki, ambako walikuwa wamemwekea kifaa cha kusikia kwenye sikio hilo la kulia. Akaja na gunia la viazi, blanketi lake, na mkoba mweusi ambao hakuuacha hata alipokwenda msalani. Ndani ya mkoba, imefungwa kwa kitambaa cha kufuma, mlikuwa na santuri moja ndogo.

Baba alipokuwa kijana, kabla hajaanza kuendesha lori la maziwa, yeye na mdogo wake walikuwa na bendi. Bendi hiyo ilienda Nairobi, ikarekodi wimbo mmoja, ikarudi, ikavunjika. Baba alifariki bila kuacha sauti yake mahali pengine popote. Katika video ya harusi yangu anaonekana akila kuku, hasemi neno. Siku ya kwanza kwangu Mama hakuzungusha maneno.

"Mami, nataka nimsikie. Halafu hii sikio iende ikitaka."

Huniita mami kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Mama yako mzazi akikuita hivyo, huwezi kumwambia hapana.

Najua mtauliza kwa nini sikununua kile kimashine cha bei rahisi kinachofunguka kama sanduku. Nilifundisha fizikia miaka thelathini, mingi yake Subukia na Kabazi, na najua sindano mbovu inavyofanya kazi: inalima. Santuri ilikuwa moja, nakala nyingine hatukuwa nayo. Singekubali sauti ya baba yangu ilimwe na kitu cha plastiki. Kwa hiyo niliagiza kitu cha maana, na kuanzia hapo sikupata amani.

Kwanza sakafu. Nyumba yangu ni ya zamani, ya mbao, na mtu akipita karibu na kabati, vikombe vinagongana. Sindano ya mashine yangu inabeba uzito wa gramu mbili hivi. Ukitembea kuelekea jikoni inaruka. Niliweka bamba zito la jiwe juu ya kabati, nikalisawazisha kwa pimamaji siku nzima, na bado ikabidi nitangaze sheria: muziki ukicheza, hakuna kutembea. Mama aliuliza kama kupumua kunaruhusiwa.

Kisha ukaja mngurumo. Niliwasha ampilifaya, na spika zote mbili zikatoa mmmmm ya fahali aliyefungiwa. Nilimwita fundi wa stima. Alisikiliza huku akila njugu zangu, akasema, "Mathe, hiyo ni kawaida ya speaker kubwa. Utazoea." Nilimwambia sijanunua spika ili nizoee. Alipofungua soketi tukakuta waya wa ardhini umekatwa na kukunjwa vizuri ndani ya ukuta, haujaunganishwa na kitu chochote, tangu nyumba ijengwe pengine. Tulichimba shimo uani, tukazika fimbo ya shaba pamoja na makaa na chumvi, tukamwagia maji. Mngurumo ukapungua. Kila asubuhi Mama alimwaga hapo maji ya vyombo, akisema anainywesha redio yangu.

Halafu kulikuwa na vitambaa. Mama hawezi kuona kitu cha thamani kiko uchi. Kwake Dundori kila kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, na mtungi wa gesi una chake chenye maua. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta spika zimevishwa, nyeupe hadi sakafuni, na vase ya maua ya plastiki juu ya kila moja. Nilivitoa. Kesho yake vilikuwa vimerudi. Nilimweleza, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwa kidato cha pili, kwamba sauti nyembamba haipiti kwenye uzi mnene. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Jioni ile ile nilisikia harufu ya kuungua, nikakimbia, nikakuta amevisha ampilifaya ikiwa imewaka, na balbu zimeanza kuchoma kitambaa chake cha manjano.

"Ilikuwa inaonekana baridi," alisema.

Nilienda kukaa uani dakika ishirini ili nisije nikamjibu vibaya.

Santuri yenyewe hakunipa. Nilitaka kuiosha kwanza, kwa maji safi na brashi laini, maana vumbi la Nakuru linaingia hata ndani ya yai. Alishika mkoba kwa mikono miwili. "Unataka kuosha sauti ya mtu?" Tulivutana wiki mbili, na kila siku ya hizo wiki mbili nilikuwa nikimsemesha kwa nguvu zaidi kidogo kuliko jana, na nikijua sababu, na nikiogopa. Mwishowe alikubali, kwa masharti: niioshe mbele yake, na tuicheze Jumamosi, baba mdogo akiwepo.

Hapo ndipo nilipoudhika kabisa. Baba mdogo ni yule mdogo wake baba, wa bendi. Anaishi Kabazi, na kwa miaka yote ninayomfahamu amekuwa na mada moja: kwamba katika ule wimbo aliyeimba ni yeye, na baba alipiga gitaa tu. Mama naye ana jibu moja: aliimba mume wangu. Wamebishana harusini, wamebishana kwenye maombi ya mavuno, wamebishana hata siku ya kumzika baba, kwa kunong'ona, wakati mchungaji anasoma. Sisi watoto hatukuweza kuamua. Gramafoni ya nyumbani iliharibika nikiwa mdogo sana, na ninachokumbuka ni kishindo cha sindano tu na Mama akituambia tunyamaze.

Jumamosi baba mdogo alifika na kofia yake na simu kubwa ya mjukuu wake. Alipita moja kwa moja hadi kwa mashine, vikombe vikilia kabatini.

"Yote hii ya nini? Hiyo wimbo iko kwa internet. Tafuta tu."

"Uncle, kaa chini kwanza."

"Nakaa. Tafuta."

Mashine yangu ina kifaa cha kupokea muziki kwa intaneti, kizuri kweli, na nilikuwa nimekinunua kwa ajili ya mambo yangu mwenyewe. Nilikiwasha. Kikasema kinataka kujisasisha. Kilipomaliza kikaniuliza neno la siri ambalo nilikuwa nimelitunga mimi na kulisahau mimi. Nilipolipata, stima ikapotea. Tulikunywa chai gizani saa nane mchana, mapazia yakiwa yamefungwa kwa sababu za sauti, baba mdogo akinieleza kwamba redio yake ya betri haina shida kama hizi. Stima iliporudi nilikuwa tayari kutupa kila kitu barabarani.

Lakini wimbo ulikuwepo. Mtu fulani mwenye santuri kama yetu alikuwa ameusafisha na kuuweka. Niligusa skrini, na gitaa likaanza papo hapo, safi, hakuna hata mkwaruzo mmoja. Kisha mtu akaimba, na nikajua kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Ile sauti ya puani, ile tabia ya kuvuta pumzi katikati ya neno. Alikuwa ni baba mdogo. Alikuwa kijana mwenye pumzi, lakini ni yeye, bila shaka yoyote, na spika zangu zilimweka pale katikati ya zulia ili kila mtu amtambue.

Miezi yote hiyo, jiwe, fimbo ya shaba, ugomvi wa vitambaa, nilikuwa nimejenga mashine ya kumwonyesha Mama kwamba mume wake hayumo.

"Hiyo sauti ni ya nani?" baba mdogo aliuliza, amefumba macho. "Nauliza tu."

Mama alikuwa ameinama, sikio la kulia karibu na spika. Sura yake haikuwa ya huzuni. Ilikuwa imekunjwa kwa hasira. "Hii wameikata," alisema. "Cheza santuri."

"Wameikata wapi?" baba mdogo alisema. "Imetoka yote hadi mwisho."

"Cheza santuri."

Nilidhani hataki kukubali, na nilimwonea huruma. Nilitoa santuri kwa ncha za vidole. Sasa lazima niseme ninavyoshusha sindano, maana ndipo kosa lilipokuwa. Spika za aina hii hazipendi kishindo. Kwa hiyo nilijifundisha kufunga sauti kabisa, kushusha sindano polepole, kungoja itulie kwenye mfereji, kisha kupandisha sauti taratibu hadi ijae. Nilijivunia sana utaratibu huo. Nilifanya hivyo. Gitaa likaja likipanda taratibu, zuri, lenye joto kuliko lile la intaneti, na baada yake baba mdogo akaimba tena.

"Umeruka," Mama alisema.

"Mum, sijaruka. Nimeanza mwanzo."

"Umeruka. Rudia."

Nilirudia, kwa utaratibu ule ule. Akapiga mkono wa kiti. "Umeruka tena! Wewe ni mwalimu gani hujui mwanzo?"

Sikuwahi kumpigia mama yangu kelele tangu nizaliwe. Siku ile nilimpigia. Nilimwambia mwanzo ni huo, santuri haina mwanzo mwingine, na kama hasikii ni sikio lake na si mashine yangu. Maneno yalitoka, na sikuweza kuyarudisha. Baba mdogo alikohoa. Simu yake ikalia, kwa bahati njema: mtu wa kupandisha ng'ombe alikuwa amefika Kabazi na hakuna aliyemfungulia geti. Akatoka nje kuongea, sakafu ikimtangaza hadi mlangoni.

Mama alingoja mlango ufungwe.

"Mami, kuja hapa." Nilienda nikapiga magoti kando ya sikio lile. "Anayeimba ni huyo mjinga wa nje. Nimejua tangu siku ya kwanza. Baba yako hakuwa na sauti ya kuimba. Hata kanisani alikuwa anafungua tu mdomo."

"Lakini umebishana naye miaka hii yote."

"Ningemwachia yote? Aliyebaki kumtetea ni nani?" Alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Mimi sitaki wimbo. Nataka pale kabla ya gitaa kuanza. Yeye ndiye alikuwa anawaanzisha. Anahesabu. Na wewe kila saa unafunga hiyo kitu, nimekuona. Unamfunga mdomo."

Nilisimama. Nilirudisha sindano, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kifungo cha sauti. Niliuondoa. Niliacha sauti wazi kabisa na kushusha.

Kishindo kilikuja, kikubwa, hadi dirisha likaitikia. Kisha mchakacho wa vumbi ambalo halikutoka kwa kuoshwa. Kisha mtu, mbali kidogo na kipaza sauti, pengine ameinamia gitaa lake, akasema kwa utulivu, "Moja. Mbili. Haya."

Nilimjua. Ndivyo alivyotung'oa meno ya utoto, sisi wote, mlangoni pa jikoni, uzi mkononi mwake. Alihesabu moja, mbili, haya, na jino lilikuwa limeshatoka. Hakuwahi kufika tatu. Nilikuwa nimesahau kabisa hadi dakika ile, na ulimi wangu ulikwenda wenyewe kwenye meno ya mbele.

"Toa," Mama alisema gitaa lilipoanza. "Hapo panatosha. Rudia."

Nilirudia. Sijui mara ngapi. Kila mara kishindo, mchakacho, moja, mbili, haya, na kila mara nilinyanyua sindano kabla ndugu yake hajafungua kinywa. Mama alikuwa amevua kifaa chake cha kusikia na kuegemeza kichwa kwenye spika, juu ya kitambaa, ambacho sijui alikirudisha saa ngapi na ambacho sikukitoa.

Sakafu ilituambia kwamba baba mdogo amerudi. Alisimama mlangoni, simu mkononi.

"Kwani mnacheza mwanzo tu? Mbona hamfiki kwa wimbo?"

Mama alimgeukia. Alitazama kofia yake, viatu vyake vya matope juu ya zulia langu.

"Uliimba vizuri," alimwambia. "Ulikuwa na sauti, wewe."

Zaidi ya miaka hamsini alikuwa amengoja kuambiwa hivyo na alikuwa na jibu tayari kwa kila neno lingine. Alivua kofia.

"Kaa chini, uncle," nilisema. "Sindano itaruka."

Akakaa karibu na Mama, upande wa sikio lililokufa. Nilirudisha sindano mwanzo, sauti ikiwa wazi, na sote watatu tukanyamaza kumngoja ahesabu.