Karani wa Ndani ya Kioo

Mtaani walimwita Fundi Fremu, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Kibanda chake kilikuwa mlango wa tatu kutoka kona, na kwa miaka ishirini na ushei alikuwa amewatia watu kwenye mbao na kioo: arusi zao, mahafali yao, marehemu wao. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Ukimpelekea picha ya mama yako hakukupa pole wala hongera. Aliishika kwa kingo, akaitazama, kisha akakuuliza utaitundika kwenye ukuta wa rangi gani.

Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mdogo wake wa pekee, Kitinda, alikuwa na tisa. Baba alishatangulia. Basi dada akawa dada, akawa mama, na siku za vikao vya wazazi shuleni akawa baba pia. Wachumba wawili walikuja kubisha hodi kwa nyakati mbalimbali. Wote aliwaambia wangoje kidogo, Kitinda amalize shule. Hakuna aliyengoja, na yeye hakuwalaumu.

Kitinda alimaliza, akapata kazi ya mapokezi kwenye kliniki moja ya meno. Kliniki ilipohama alirudi nyumbani na tangi la samaki ambalo halikutakiwa tena. Kioo kilikuwa kizima, ila kifuniko chake chenye taa kilikuwa kimeoza kikatupwa. Kwenye ndoo aliyokuja nayo mlikuwa na samaki watatu wa rangi ya dhahabu. Mmoja alikuwa na doa jeusi mkiani na hakujua kutulia: aenda kulia, ageuka, arudi kushoto, pua imegusa kioo, mdomo wafunguka na kufunga.

"Huyu ni karani," Kitinda alisema. "Anatafuta faili na bosi anamngoja."

Jina likashika. Dada mtu, ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa nadra, siku hiyo alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Mwaka uliofuata Kitinda akapata kazi nchi ya mbali, kutunza wazee kwenye makao yao. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Mlangoni, begi likiwa begani, aliomba jambo moja tu, kwamba dada amtunzie Karani. Miwili ikawa minne, minne ikawa sita.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alipiga simu ya video. Wakishamaliza salamu, na afya, na mvua imenyesha au haijanyesha, Kitinda alisema, haya, nipeleke kwa Karani. Fundi Fremu aliibeba simu mpaka kwenye tangi. Dirisha la chumba hicho, cha Kitinda mwenyewe, lilitazamana na ukuta wa jirani, umbali wa mkono mmoja, na hata saa sita mchana ulihitaji kupapasa ili kutunga uzi kwenye sindano. Kwenye simu kulionekana giza la kijani na kitu kinapita. Namwona, namwona, Kitinda alisema, ingawa wote wawili walijua anaona kivuli.

Na kivuli kile kilimfaa Fundi Fremu. Karani alikuwa amekufa mwaka wa pili. Umeme ulikatika siku mbili, pampu ya hewa ikazima, naye Fundi Fremu alikuwa amesafiri kupeleka fremu za ofisi fulani. Alipofungua mlango alimkuta amelala ubavu juu ya maji. Alizunguka kwa wauza samaki hadi akampata mwingine mwenye doa, japo doa lenyewe lilikuwa mgongoni. Alijiambia atamweleza mdogo wake akirudi, ana kwa ana, kwa utaratibu. Njia ya mwongo ni fupi, wamesema wahenga, lakini yake ilikuwa imefika mwaka wa nne.

Kisha Jumapili moja Kitinda hakusema namwona. Alisema kwa sauti ndogo, "Dada, mimi huko sioni kitu. Nimeanza kusahau hicho chumba kilivyo."

Neno hilo lilimchoma. Siku tatu mfululizo alikata mbao upogo, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Akiweka taa juu ya tangi, doa litaonekana liko wapi. Asipoweka, Kitinda ataendelea kusahau, leo chumba, kesho nyumba, na siku moja aliyemo ndani. Alhamisi alipiga moyo konde, akachukua utepe akaenda kulipima tangi ili alitengenezee kifuniko kipya chenye taa.

Kwake kifuniko kile kilikuwa fremu tu yenye paa. Alikata plaiwudi, akaunga pembe kama anavyounga za picha, zisiingize hata unywele, akapaka vanishi nje na rangi nyeupe ndani ili mwanga usimezwe na mbao. Kilikaa juu ya tangi kama kimezaliwa nalo. Siku ya tatu kilikuwa kimevimba kwa mvuke na hakibanduki. Ilibidi amwite jirani yake, fundi umeme mstaafu aliyeitwa Mzee Fyuzi, waking'oe pamoja.

Mzee Fyuzi alikizungusha mikononi, akamwambia kazi ni safi lakini picha huwa haitoi jasho. Fundi Fremu akaanza upya. Safari hii aliacha nafasi ya kidole pembeni, akatoboa matundu upande wa nyuma, ya kupitisha mvuke na bomba la hewa, akapaka vanishi ndani na nje mara nne. Chini ya taa alichonga mfereji kwenye mbao, akapitisha kipande cha plastiki angavu, kama anavyopitisha kioo mbele ya picha, matone yasirukie kwenye nyaya. Nyaya zenyewe alimwachia mzee.

"Maji na umeme ni wake wenza," Mzee Fyuzi alisema akiwa amepiga magoti. "Waweke nyumba moja ukipenda, ila usiwalaze kitanda kimoja." Aliuacha waya uning'inie chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likiteremka liangukie sakafuni.

Walipowasha, chumba kizima kilitokeza. Samaki waling'aa kama waliotoka kupigwa pasi. Mwanga ulimwagika mpaka kwenye kitanda cha Kitinda, ambacho dada alikuwa akikibadilisha shuka kila Jumamosi kwa miaka sita. Mzee Fyuzi alikiona, akakusanya koleo zake, akaaga.

Jumapili iliyofuata simu ilipoita, Fundi Fremu aliijibu akiwa amesimama. Hakungoja kuombwa. Aliigeuza simu kwenye tangi.

Kitinda alisogeza uso karibu na skrini.

"Huyo si Karani," alisema.

"Siye."

"Alikufa lini?"

"Mwaka wa pili tangu uondoke."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaona huna tena cha kurudia."

Upande wa pili Fundi Fremu alisikia kiti kikivutwa. Kitinda alipoanza kusema alisema mfululizo, kama mtu anayetua mzigo. Mkataba ukiisha mwisho wa mwaka hatarudi. Huko kuna mtu, mpishi wa pale makaoni, na wameandikishana ndoa tangu mwaka juzi. Kila Jumapili alitaka kusema, na kila Jumapili alipolitazama lile giza la kijani alishindwa, akamwulizia samaki.

Fundi Fremu aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Aliuliza kama huyo mpishi ana roho nzuri. Kitinda akasema anayo. Akauliza kama anamsikiliza anapoongea. Kitinda akacheka huku analia, akasema anasikiliza mno, hata yasiyomhusu. Dada akasema basi, shemeji karibu, na akawahi kuigeuza simu kwa samaki, asionekane uso.

Kitinda aliomba asikate. Alikuwa na nguo za wazee za kupiga pasi, na alitaka chumba kiwe pale mbele yake anapofanya kazi. Dada aliiegemeza simu kwenye gudulia. Kwa saa nzima pasi ilipumua huko, pampu ikabwabwaja huku.

Mwezi huohuo Fundi Fremu, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wowote, alifunga kibanda asubuhi ya siku ya kazi akaenda kupanga foleni kwenye ofisi ya pasipoti. Kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja wa sababu ya safari. Aliandika kwamba ana mdogo wake huko, akaona haijatosha, akaongeza pembeni kwa herufi ndogo kwamba yeye ndiye aliyemlea. Karani wa dirishani, kijana mwenye miwani, alimwambia pembeni hapaandikwi. Alimjibu kwamba anajua.

Pasipoti bado haijatoka. Kila Ijumaa hupita kuulizia.