Unga Ulionuka Tangawizi

Nanyama huanza kucheka kabla mzaha haujafika. Amewahi kufulia watu nguo Riruta, akauza matumbo Dagoretti, na sasa yuko mtaa wa Satellite, Nairobi, kwenye karakana ndogo iliyopakana na banda la kuku, akiendesha mashine ndefu kama tangi la maji. Juu kuna mdomo unaonyunyiza maji ya vitamini, hewa moto inayakausha yakiwa bado yanaanguka, na chini kwenye chupa unakusanyika unga mwepesi wa kuvutwa kwa pumzi. Siku unapotoka vizuri huelea kama moshi, naye huusindikiza kwa mabega, hatua mbili tatu za isukuti, ngoma ya kwao.

Wiki hiyo unga uligoma. Kila siku ulianza vizuri, kisha ukaganda madonge. Mwihaki, mwenye karakana, hakuzunguka: mteja wa Hurlingham angekuja Alhamisi, na akikuta madonge, mashine ingeuzwa na kila mtu atafute kazi kwingine. Nanyama aliyakumbuka matumbo na mainzi yake, akashikwa na kicheko cha woga.

Norman, kijana aliyesomea kemia, alilaumu mvua. Nanyama alimlaumu Norman, akidai anakoroga dawa kama anayesonga ugali wa matanga. Kuku wa jirani nao walitajwa.

Alhamisi asubuhi unga ulipaa. Kwa furaha hiyo Nanyama alipika chai ya saa nne ya kiwango cha harusi. Kwao Bungoma chai haipikwi kwa vikombe: ni sufuria kubwa, maziwa tele, tangawizi iliyopondwa, na ichemke mpaka dirisha litoke jasho. Tangu aajiriwe hakuna aliyefanya kazi pale bila chai hiyo. Ila wiki hiyo, kwa sababu ya mvua, jiko la gesi lilikuwa limehamishiwa ndani, pembeni, chini ya bomba ambalo mashine huvutia hewa.

Kabla vikombe havijaisha, unga ulikuwa madonge tena. Norman alifungua chupa, akanusa, akanusa tena.

"Auntie," akasema polepole, "hii vitamini yako iko na tangawizi."

Nanyama alitazama sufuria. Akaufuata mvuke kwa macho ukipanda, ukijikunja, ukiingia bombani kama mgeni aliyealikwa. Wiki nzima alikuwa akiinywesha mashine chai.

Alicheka mpaka akakalia ndoo. Kisha akakumbuka mteja, akainyakua sufuria kwa leso na kutoka mbio, Norman nyuma yake akibaki mlangoni, akiupepea mvuke utoke kwa koti lake jeupe. Getini akakutana uso kwa uso na mzee nadhifu mwenye mkoba, Mwihaki akiwa pembeni yake.

"Karibu chai, baba," Nanyama akasema, maana mtu aliyebeba sufuria angesema nini kingine?

Vikombe vikaletwa, wakanywa hapo hapo, wamesimama, kikombe cha pili na cha tatu, Nanyama akimsimulia mgeni habari za kuku kwa urefu usiostahili ili hewa ya ndani ipate kukauka. Walipoingia, Norman alikuwa ameanza chupa mpya. Mteja aliigonga kidogo juu ya kitambaa cheusi. Unga ukainuka, ukaning'inia mwangani, ukakataa kushuka.

"Chai ihamie getini," Mwihaki akasema baada ya mgeni kutia sahihi. "Na wewe bado uko na kazi, wacha kulia."

"Silii, Madam," Nanyama akajibu, machozi yakimtiririka, mabega yamekwisha kuanza kucheza.