Ufa wa sebuleni kwa mama

Nimeziba ufa, mama yangu kaninunia.

Ufa wenyewe uko sebuleni kwake, Temeke, tangu miaka ya tisini baba alipopunguzwa kazi kiwandani. Ulitoa matawi, kila tawi likatoa vijitawi, navyo vikatoa vyao.

Leo nimeshinda na fundi tunapiga plasta. Nimechoka mpaka mifupa.

Mama karudi kutoka msibani, kakaa kitini, kautazama ukuta mweupe.

"Sasa mie nitaangalia nini? Enzi zile za dhiki nilikuwaga nafuata yale matawi kwa macho, moja baada ya jingine, mpaka moyo unatulia."

Nyie mngejibuje?

Fundi kakiri kwa aibu kwamba msingi umetitia, ufa utarudi tu.

Nikataka kulia.

Mama kamgeukia taratibu. "Utarudi lini, mwanangu?"