Muuaji wa Kwenye Muhtasari

Yule mzee wa riwaya haketi kwenye benchi la steshenari ya Irine pale Mugumu. Husimama nyuma ya Irine, mkono umeshika flashi mfukoni, akikohoa kila mtu anapopita mlangoni. Irine ndiye aliyemchapia riwaya nzima, lakini hata muhtasari wa kuwapelekea wachapishaji humsomea kwa kunong'ona, kama mfugaji anayeulizwa mbele ya watu ana ng'ombe wangapi. Leo walipofika mwisho, mahali wachapishaji wanapotaka kujua nani aliua, alimwomba Irine asogee. Akachapa mwenyewe kwa kidole kimoja kilichopinda, bega likiziba skrini. Irine aliliona jina karatasi ilipotoka.

"Mzee, si aliyeua ni shemeji? Hapa umeweka mwenyekiti wa kijiji."

"Wa kweli abaki nyumbani kwanza, wasije wakaniibia. Wakikubali kitabu ndiyo nitawaonyesha."

"Na wakimpenda huyu mwenyekiti?"

Kikohozi kikakatika. Akazikunja karatasi zikiwa bado na joto, akazisokomeza kifuani, akamtazama Irine kama vile amemkuta akifungua lango la zizi lake.

"Nani amekutuma uniulize hivyo?"